Nimepewa kazi ya kuwachagulia wanawake wenzangu nyimbo za karaoke, na mimi mwenyewe naogopa maiki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, nauza vitambaa na nguo za kushona sokoni hapa Jinja. Nimezaliwa Walukuba, katika zile nyumba walizojengewa wafanyakazi wa viwandani. Jirani wa kulia alikuwa Mteso, wa kushoto Mluo, wa nyuma Mlugbara, na sote tulielewana kwa Kiswahili. Nakuandikia kwa lugha hiyo kwa sababu ndiyo ninayowazia.

Tuna kikundi cha akiba cha wanawake 14. Kila Jumapili kila mmoja anaweka shilingi 10,000 kwenye sanduku, na Desemba tunalifungua tunagawana. Miaka yote tumekuwa tukila pilau, tunahesabu fedha, kila mtu anakwenda kwake. Safari hii wenzangu wamekubaliana tukodi ukumbi mdogo, tuimbe karaoke, na kila mwanamke aimbe wimbo mmoja. Kisha wakanigeukia mimi nichague nyimbo. "Wewe ndiye mwenye muziki," walisema.

Hawajui, Shangazi. Miaka mitatu iliyopita, siku ya kuzaliwa ya wifi yangu, tulikwenda baa moja yenye karaoke. Nikasimama nikaimba I Will Always Love You, ule wa Whitney Houston. Nyumbani nauimba nikipika, watoto wananisifu. Nilianza vizuri, nakuapia, nilijisikia mwenyewe kuwa naimba vizuri. Vyombo vilipoingia nikajikuta muziki uko huku na mimi niko kule. Nikajaribu kuufuata. Halafu pakawa kimya, ngoma ikapigwa mara moja, na pale nilipotakiwa kupaa sauti ikakatika kama uzi. Watu walicheka. Mmoja alipiga mluzi. Tangu siku hiyo sijashika maiki. Hata kanisani nilitoka kwenye kwaya, sasa nakaa viti vya nyuma.

Shemeji yangu ni dijei na ndiye atakayetupigia muziki. Nilimwomba msaada, akaniletea karatasi aliyoiandika juu yake "nyimbo za wanawake". Nyimbo 20, zote za Kiingereza, na karibu zote mwanamke analia kwa kuwa mwanamume ameondoka. Mweka hazina wetu amefiwa na mume miaka miwili iliyopita. Aliisoma ile karatasi, akaikunja, akasema yeye hatasimama mbele ya watu kulia tena. Hajati wetu ana miaka 61 na Kiingereza hasomi. Mdogo kuliko wote ana miaka 22, anataka nyimbo za kucheza tu. Wawili ni walokole. Mmoja anatoka Mbarara na anasema nyimbo zetu za huku hazimgusi. Na mimi nina sauti nzito. Nikiwapigia simu wateja wasionijua, wananiita "ssebo", yaani bwana.

Wimbo gani hasa unamfaa mwanamke? Mwenye sauti kama yangu aimbe za wanaume? Na nifanyeje yale ya baa yasinirudie mbele ya wenzangu? Tumebakiza wiki tano.

Sauti Nzito, Jinja

*

Marahaba, mwanangu.

Niruhusu nianze na ile baa, maana naona bado umesimama pale na maiki mkononi.

Hukushindwa kuimba. Ulichagua wimbo wenye mtego, na hao waliocheka hawakuuona. Jinsi Whitney Houston alivyourekodi mwaka 1992, wimbo ule unaanza bila chombo hata kimoja. Anaimba peke yake, taratibu, na vyombo vinamfuata baadaye. Kwa anayesimama baani maana yake ni kwamba hakuna kinanda cha kukushika mkono na kukuonyesha pa kuanzia. Wewe ukaanzia pale koo lako linapopenda, ambapo kwa mtu anayeitwa "ssebo" kwenye simu ni chini kuliko alipoanzia Whitney. Ulikuwa sahihi uliposikia kwamba unaimba vizuri. Ulikuwa unaimba vizuri katika ufunguo wako, yaani pale sauti yako inapokaa. Vyombo vilipoingia viliingia katika ufunguo wa Whitney. Ndiyo ile "muziki uko huku na mimi niko kule". Ukajinyoosha kumfikia. Kisha ukaja ule ukimya na ule mpigo mmoja wa ngoma, na baada ya mpigo huo wimbo mzima unapanda toni moja kamili. Ulikuwa tayari umefika mwisho wa kamba yako, ukaambiwa uongeze. Koo la nani lisingekatika?

Ukiupenda bado, jua kwamba wimbo huo ni wa Dolly Parton. Yeye ndiye aliyeuandika, ukatoka 1974, na alikuwa akimuaga Porter Wagoner, bwana aliyempa nafasi katika kipindi chake cha televisheni, kwa sababu alitaka kuendelea na kazi peke yake. Ni wimbo wa mfanyakazi anayeaga kwa heshima. Dolly anauimba polepole, hapandi mlima wowote mwishoni, na sehemu moja haimbi kabisa, anasema tu maneno. Sisi wa rika langu tulikua na Dolly redioni, kwa hiyo usidhani utaonekana umechukua kilicho rahisi. Utakuwa umekwenda kwa mwenye nyumba.

Sasa nikueleze kitu ambacho natamani kila anayeshika maiki akijue. Karaoke ni neno la Kijapani, maana yake okestra tupu, muziki usio na mwimbaji. Mwaka 1971 huko Kobe, Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake ya kwanza. Alikuwa mpigaji muziki katika vilabu, akiwasindikiza wateja waliotaka kuimba, watu wa ofisini wasiojua mdundo wala ufunguo, na kazi yake ilikuwa kuwafuata wao. Mteja mmoja, mkurugenzi wa kampuni, alimtaka asafiri naye ampigie huko aendako. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia muziki kwenye kanda, muziki uliokatwa kwa kipimo cha yule mteja. Wazo la mashine likatokea hapo. Unaona mwanzo wake? Muziki ndio uliopaswa kumfuata mtu. Sisi tumeigeuza, tunamkimbiza mtu amfuate Whitney.

Na hapa Uganda tuna sababu yetu ya kuigeuza. Utakumbuka miaka ya mwanzoni ya 2000 neno "karioki" Kampala lilikuwa na maana nyingine kabisa: vijana waliovaa kama msanii fulani, wakicheza na kusogeza midomo, sauti ikitoka kwenye sahani. Ilikuwa sanaa, na wengi walianzia huko wakawa waimbaji wenyewe. Lakini ilizoesha macho na masikio yetu kwamba anayesimama jukwaani lazima atoe sauti ya mwenye wimbo. Waliokucheka walikuwa wanangoja Whitney atoke kinywani mwako. Ikatoka sauti ya mwanamke wa Walukuba, wakaona kama kuna kitu kimeharibika. Hakikuharibika kitu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nitaligeuza kidogo. Usiulize wimbo gani unamfaa mwanamke. Uliza wimbo gani unalifaa koo hili, la huyu, mmoja mmoja, wote 14. Ni kazi, lakini wiki tano zinatosha.

Anza na lako. Usijipime asubuhi, koo likiamka huwa zito na litakudanganya. Jipime jioni, saa ileile mtakayoimba. Itikia "mmh" kama unavyomwitikia mtu anayekusimulia jambo kwenye simu. Hapo ndipo katikati yako. Kutoka hapo shuka polepole mpaka sauti igeuke pumzi tupu, kisha panda mpaka uhisi kidevu kinainuka na shingo inakaza. Kidevu kikianza kuinuka, hapo ndipo dari. Wimbo unaokufaa ni ule unaokaa zaidi karibu na "mmh" yako na kugusa dari mara moja au mbili tu. Nakisia kwaya walikuweka sauti ya kwanza kwa sababu walipungukiwa. Sauti yako ni ya pili, pengine hata chini ya pili. Wanawake wa namna hiyo wanaitwa kontralto na ni wachache, kwa hiyo nyimbo nyingi zinazopendwa hazikuandikwa kwa ajili yao. Ndiyo sababu umekuwa ukijiona kama una kasoro.

Kabla ya kuupokea wimbo wowote, sikiliza dakika yake ya mwisho kwanza. Watunzi wanapenda kuficha mlima mwishoni. Ule wa Céline Dion wa filamu ya Titanic, wa 1997, unakubembeleza sehemu kubwa ya safari, halafu karibu na mwisho wimbo wote unaruka juu nusu toni nne kwa mkupuo, na nusu toni ndiyo hatua ndogo kabisa ya kupanda. Mwanamke anauchagua kwa sababu ya mwanzo wake mpole, na mwisho unamvunja mbele ya shemeji zake. Ukisikia mruko kama huo, weka alama ya hatari kwenye daftari lako.

Kwa sauti yako ningekupa Fast Car wa Tracy Chapman, wa mwaka 1988. Ubeti wake uko chini, karibu kama mtu anayeongea, na gitaa moja linakwenda nawe kutoka mwanzo, kwa hiyo huwezi kupotea ufunguo. Ni hadithi ya mwanamke anayefanya kazi dukani, ameweka akiba kidogo, anapiga hesabu ya namna ya kutoka alipo. Mtaimba hayo siku ya kufungua sanduku, jamani! Sijui wimbo wa Kiingereza unaowastahili zaidi ya huo. Ubaya wake ni maneno mengi, na kiitikio kinakimbia, kwa hiyo ujifunze kwa moyo, usitegemee kusoma kwenye kioo cha kompyuta. Sade naye, kama utapenda kitu cha utulivu zaidi, anaimba chini. Toni Braxton ana sauti ya chini kama yako, lakini wimbo wake mkubwa wa 1996, Un-Break My Heart, ni kilio kitupu na kiitikio kinapanda, muachie yeye.

Za wanaume? Imba, tena bila kuomba ruhusa. Mwanamume mwenye sauti nyembamba na mwanamke mwenye sauti nzito wanakutana mahali pamoja. Imba pamoja na rekodi yenyewe. Ukiona uko palepale alipo bila kukaza, ni wako. Ukiona unazama, mwambie shemeji yako apandishe kidogo. Na usisumbuke kugeuza maneno ya kiume yawe ya kike. Chukua Malaika, ambao kila mtu wa Afrika Mashariki anaujua. Anayeimba ni kijana asiye na mali, na neno lake ni "ningekuoa". Kwa Kiswahili mwanamke haoi, anaolewa, na neno hilo lingeweza kumkwamisha mwanamke yeyote. Miriam Makeba aliliimba vilevile lilivyo, dunia nzima ikamwelewa. Wimbo una mwenyewe ndani yake, na anayeuimba anamkopesha sauti tu.

Jambo la kupandisha na kushusha nitalisema wazi, maana nahofia shemeji yako atakuambia haiwezekani. Programu nyingi wanazotumia madijei zina sehemu ya kubadili ufunguo, alama ya kujumlisha na ya kutoa. Kila kubonyeza mara moja ni nusu toni. Kwa wimbo wa mwanamke mwenye sauti ya juu, wewe jaribu kutoa mbili, tatu, hata nne. Zaidi ya hapo muziki wenyewe huanza kusikika kama mtu anayeumwa. Hata kwenye YouTube nyimbo nyingi za karaoke zimewekwa mara mbili, kwa ufunguo wa mwenyewe na kwa ufunguo ulioshushwa. Mwende naye mapema, si siku ya sherehe. Kila mwanamke aandikiwe kwenye karatasi: jina la wimbo, na namba yake ya kutoa au kujumlisha. Karatasi hiyo ina thamani kuliko orodha ya nyimbo 20.

Na hiyo orodha imeniudhi, nakiri. Nani aliamua kwamba wimbo wa mwanamke ni wimbo wa kuachwa? Siti binti Saad alitoka Unguja mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, na mmoja wa nyimbo zake maarufu unasimulia mwanamke aliyeuawa na kesi iliyowaadhibu waliotoa ushahidi. Huyo alikuwa mwanamke, na alikuwa anaimba. Wanawake wa Kinubi wa Bombo wana doluka, ngoma yao, waingie harusini uone kama kuna anayelia. Mrudishie shemeji yako karatasi yake kwa adabu, umwambie asante, tutatengeneza yetu.

Mweka hazina wako ndiye anayenikaa moyoni. Wengi wangemkabidhi I Will Survive wa Gloria Gaynor, wa 1978, wakidhani wanampa nguvu. Wimbo wenyewe ni mzuri kwa karaoke: mzunguko uleule wa muziki unarudi tangu mwanzo mpaka mwisho, haupandi ghafla popote, na ulitoka kwanza kwenye upande wa pili wa sahani, upande wa nyimbo ambazo kampuni haikuzitegemea. Lakini sikiliza maneno. Mwanamume anayefukuzwa pale aliondoka kwa miguu yake na amerudi kwa miguu yake. Aliyezikwa habishi hodi. Usimpe. Mpe yule katika kikundi anayejua mwenyewe kwa nini anauimba, na bila shaka yupo, katika wanawake 14 hakosekani. Kwa mjane wenu, kama ana mtoto aliyekomaa, mwonyeshe Vulindlela wa Brenda Fassie, wa 1997. Ni mama anayefurahi kwamba mwanawe anafunga ndoa, anataka njia ifunguliwe apite. Tumeuchezea harusi nyingi bila kujua maneno yake, mwelezee maana kwanza uone uso wake. Na akisema haimbi mwaka huu, haimbi. Aketi karibu na wewe apige makofi, bado yuko ndani.

Hajati usimchagulie. Nenda kwake siku anafua au anachambua mchele, ukae kimya, usikilize anavuma wimbo gani. Mtu wa miaka 61 ana wimbo wake tayari. Kama ni taarabu, kama ni Malaika, huo ndio. Maneno yaandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa, asikodolee macho kioo cha kompyuta.

Hapo tumefika kwenye tabu ya kweli. Nyimbo za Kiingereza zina muziki mtupu tele mtandaoni, lakini za Kiswahili, Luganda na Kihaya ni za kutafuta. Kuna programu zinazoondoa sauti ya mwimbaji kwenye rekodi, shemeji yako azitumie. Hazisafishi kabisa, mzuka wa sauti unabaki kwa mbali, ila kwa mwanamke mwenye haya mzuka huo ni msaada, unamwongoza. Au tafuteni kijana wa kinanda wa kanisani kwa nyimbo tatu nne. Yeye atawafuata, kama Inoue alivyowafuata wateja wake.

Wa Mbarara mpe Saida Karoli. Ule wa Maria Salome ambao wengi tunauita Chambua Kama Karanga uko kwa Kihaya, na Kihaya na Runyankore ya kwao ni ndugu, atayaelewa mengi kuliko nyinyi nyote na usiku huo yeye ndiye atakuwa mwalimu. Huyo wa miaka 22 aimbe Sukari wa Zuchu kama sauti yake ni nyepesi, uko juu kidogo lakini yeye ana koo jipya. Mwonye tu kwamba kucheza na kuimba kwa wakati mmoja kunamaliza pumzi. Acheze muziki ukiwa peke yake, maneno yakirudi asimame. Walokole wana Judith Babirye na wimbo wake Wambatira, na sidhani kama ukumbi utakaa kimya, hata wasio wa kanisa wataitikia. Yvonne Chaka Chaka mnampenda nyote, najua, ila Umqombothi ni jina la pombe ya kienyeji ya Afrika Kusini. Waambie walokole mapema wasije wakalijua hilo katikati ya kiitikio. Juliana Kanyomozi na Bushoke wana Usiende Mbali, wa sauti mbili. Kama kuna wawili wenye woga, waimbe pamoja, mwenye sauti nzito ashike sehemu ya mwanamume. Woga ukigawanywa kwa maiki mbili unapungua.

Wanawake 14 kwa dakika nne nne ni karibu saa nzima, bila kuhesabu vigelegele. Nyimbo zenye ala ndefu katikati zikatwe, maana hakuna kitu kirefu kama sekunde 30 za kusimama na maiki bila neno. Usimtangulize mwenye sauti kali kuliko wote, atawafunga wengine midomo. Tanguliza mchangamfu. Wewe uimbe wa tatu au wa nne. Ukijiweka mwisho utashinda usiku mzima ukiutafuna huo woga badala ya pilau.

Mazoezi usiyafanye jikoni peke yake. Jikoni husikii makosa, mwiko na sufuria vinakufichia. Simama, jirekodi kwa simu, sikiliza kesho yake na si palepale. Mara mbili kwa siku kwa wiki ya mwisho inatosha. Ngoma ikilia sana hupasuka, na koo ni ngozi pia. Siku yenyewe kunywa maji ya kawaida, soda ya barafu ngoja umalize. Maiki ikae vidole vitatu kutoka mdomoni, ukipaza sauti ivute nyuma kidogo, na usiielekeze kwenye spika, itapiga kelele. Mwambie shemeji yako ageuze spika moja iwatazame waimbaji, maana asiyejisikia hupiga kelele bila kujua, na hapo ndipo sauti zinapokatika. Ukipotea, nyamaza. Acha mstari upite, ingia na mstari unaofuata. Pale baani ulipotea ukaanza kukimbiza; wimbo haukimbizwi, unangojewa kwenye kona inayofuata.

Na waambie wenzako ukweli kuhusu ile baa, wiki hii, kabla ya kugawa nyimbo. Nina hakika katika wale 13 wapo waliokatazwa kuimba shuleni, au walioambiwa na mume kwamba wanapiga kelele. Wakisikia kwamba "mwenye muziki" naye alichekwa, watakuambia dari zao ziko wapi, na utawachagulia kwa urahisi. Mcheza kwao hutunzwa: hapo ukumbini hakuna mgeni wa kupiga mluzi, ni watu mliokopeshana ada za watoto.

Wa kufungia uwe wa wote. Ni Desemba, na nyimbo za Krismasi za Philly Bongoley Lutaaya zitakuwa zinalia kila duka la Jinja. Alifariki Desemba 1989 na bado ndiye anayetufungulia sikukuu. Wimbo wake Zuukuka kila mtu anaujua, hauhitaji kioo wala karatasi, na umeimbwa na mwanamume, kwa hiyo utapata mahali pako pa chini wakati wenzako wanapanda juu. Muulizeni Hajati kwanza kama ataridhia. Asiporidhia, achague yeye wa kufungia, nanyi mwitikie.

Halafu Jumapili nenda mapema kabla ya ibada, umtafute mwalimu wa kwaya. Mwambie unataka kurudi, na safari hii akuweke sauti ya pili.